Mapafu Yaliyokuwa Safi Mno

Kila mwaka, majani ya mji wetu wa Kanazawa yakishakuwa mekundu, taasisi yetu ya utafiti huwafanyia ibada ya kuwaaga panya wake waliokufa kwenye majaribio. Nyuma ya jengo la wanyama kuna jiwe refu la kumbukumbu. Tunaweka maua, karoti na mbegu za alizeti, kisha wote, toka profesa hadi sisi tunaoosha vizimba, tunapanga mstari na kuinama mmoja mmoja. Kabla ya kuinama, mtafiti mmoja husimama mbele ya jiwe na kuwaambia panya wamekufa kwa ajili ya nini.

Mwaka huu alichaguliwa Daktari Nagumo Teppei. Hakuna aliyeshangaa. Panya wake ndio walioleta habari njema.

Habari yenyewe, jinsi tulivyoelezwa hata sisi wa vizimba, ni hii. Seli za mwili hushikana mikono, kila moja mahali pake. Seli ya saratani hupata ishara inayoiambia iachie wenzake. Ikiachia, hutambaa, huingia kwenye damu na kusafiri. Lakini safari peke yake haitoshi. Ikifika kwenye mapafu, ishara hiyo hiyo huiongoza ishike ukuta wa mshipa, la sivyo damu huisomba ikafa. Dawa ya akina Nagumo iliundwa ili izime ile ishara, seli ifike na isijue pa kushika. Panya wote walichomwa sindano ya seli mkiani. Wasiopewa dawa, mapafu yao yakajaa madoa. Waliopewa dawa, mapafu yalikuwa meupe, hayana hata doa. Profesa Hirabayashi, mkuu wa maabara, alilia alipoyaona. Jumatatu iliyofuata ibada watu wa kampuni ya dawa walikuwa waje kuamua kama wataipeleka mbele.

Asubuhi ya ibada kulikuwa na manyunyu. Nagumo alikuja mapema, akasimama chini ya paa karibu na ndoo zetu, hana mwavuli.

"Daktari, uso huo ni wa mtu aliyekuja kuzika au kuzikwa?" Mama Isomura alimuuliza. Yeye ndiye mkubwa wetu sisi wa vizimba, na hana adabu kwa mtu yeyote aliye chini ya miaka hamsini.

"Sijalala vizuri, mama."

"Oa. Utakosa usingizi kwa sababu inayoeleweka."

Alijaribu kucheka. Nilimtazama mikono; alikuwa anaifuta kwenye suruali, na haikuwa na maji.

Kisha akaja Bi Kitazato, na Profesa mwenyewe akimshikia mwavuli. Bi Kitazato alikuwa mwalimu wa muziki. Saratani yake ilianzia kwenye titi, sasa imo kwenye mapafu. Ndiye mkubwa wa chama cha wagonjwa, na kwa miaka mingi amekuwa akija kwenye ibada hii na karoti alizozilima mwenyewe. Safari hii alimwendea Nagumo moja kwa moja.

"Ndiwe wewe," alimwambia. "Mimi huenda dawa isinifikie, najua, usinihurumie. Lakini kuna wasichana kwenye chama chetu wana watoto wadogo. Nimewaambia wavumilie, kuna kijana Kanazawa ameipata."

Nagumo aliinama. Alikaa vile muda mrefu mpaka yule mama akamgusa bega, akasema, "Inatosha, baba, hujanikosea."

Kengele ndogo ikagongwa. Nagumo akaenda mbele ya jiwe, akatugeuzia mgongo kama desturi ilivyo. Alianza na maneno yanayosemwa kila mwaka. Halafu akayaacha katikati. Tulidhani amesahau.

"Enyi panya mliochomwa asubuhi, ambao hamkupewa dawa," akasema, akiliambia jiwe, "ninyi niliwafanyia haki. Ninyi wa mchana, mliopewa dawa, sikuwafanyia."

Profesa aliinua kichwa.

"Seli hukuzwa zikiwa zimenata kwenye kitako cha chupa, kwa ndani. Kabla ya kuwachoma nazo, tunazimwagia maji ya kuzibandua, dakika chache tu, kisha tunayaondoa. Yakikaa mno hula mikono ya seli. Zinabaki hai, ila haziwezi kushika kitu mpaka zipumzike. Mchana ule nilimwagia chupa yenu, na hapo hapo tukaitwa chai. Profesa alikuwa amerudi kutoka safari ya Hokkaido na keki za zawadi."

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkubwa akigawa zawadi ya safari, kila mtu hupokea yake kwa mikono miwili, huila, huisifu, na husikiliza safari yote mpaka mwisho. Mdogo hainuki kwanza.

"Nilikuwa mdogo kuliko wote pale mezani. Neno 'samahani' lingetosha, nikalionea haya. Niliporudi nilijua maji yamekaa mno. Nikawachoma hivyo hivyo. Sijui kama mapafu yenu yalikuwa safi kwa sababu ya dawa, au kwa sababu nilizipeleka seli zisizo na mikono. Halafu watu wakafurahi. Kila siku waliyofurahi, ikawa vigumu zaidi kusema."

Mimi nilitazama viatu vyangu, maana tulikuwa tumesimama pale na fahari yetu yote, tumevaa nguo safi kwa ajili yake.

Profesa Hirabayashi alitoka kwenye mstari. Hakwenda kwa Nagumo. Alisimama mbele ya Bi Kitazato, akafunga mwavuli, akainama mpaka mvua ikamwingia kwenye shingo.

"Mimi ndiye niliyeita chai," alisema.

Nagumo aligeuka akaona mgongo wa mzee umepinda kwa ajili yake. Nadhani hapo ndipo alipoadhibiwa. Alikuja mbio, akainama kando yake, chini zaidi.

"Inukeni," Bi Kitazato alisema. "Mtu mgonjwa nitawainua kwa nguvu gani?"

Waliinuka. Alimtazama yule kijana kwa utulivu, kama mwalimu anayesubiri jibu.

"Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?"

"Hatujui, mama. Hatujaipima bado."

"Ungesema, kama mimi nisingekuja leo?"

Jibu zuri lilikuwa karibu, yeyote kati yetu angempa hilo.

"Sijui," Nagumo akasema.

Bi Kitazato aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi Jumatatu uwaambie wale wa kampuni kwa mdomo wako. Mimi nitakuwa nimekaa pale, nikikusikiliza. Baada ya hapo utakuja kwenye chama, uwaambie na wasichana wangu. Mimi sitakusemea."

"Ndiyo, mama."

Bi Kitazato akaenda kuweka karoti zake, akainama kama miaka yote. Mstari ukasogea. Mama Isomura, aliyekuwa mbele yangu, hakuwa na mzaha tena.

"Itabidi arudie jaribio," aliniambia chini chini. "Atahitaji panya wengine."

Zamu yetu ikafika, tukainama, kisha tukaenda kutandika vizimba kwa ajili ya panya wapya.