Hatua Mbili Kuelekea Ndani

Hakuwa na baba wa kumwona akikimbia. Hakuwa na viatu vya misumari mpaka ndevu zilipomwota. Hakuwa na uwanja wenye mistari, wala nyama ya kutosha mwilini, ndiyo maana wenzake walimwita Kamba. Hakuwa na mdomo wa kujitetea. Mbio alikuwa nazo, na hizo ndizo zilizomtoa kwenye karakana ya mjomba wake, alikokuwa akichomelea madirisha ya chuma, zikamfikisha kwenye mashindano ya dunia.

"Mbio za kupokezana!" mjomba alimcheka siku ya kuondoka. "Watu wanne, kazi moja? Mimi hapa ningewafukuza watatu. Haya nenda, mjomba, ila urudi upesi. Madirisha ya watu hayajichomelei."

Sasa Kamba alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, taulo mabegani, akitazama vidole vya miguu yake kama vya mtu mwingine. Muda mfupi uliopita alikuwa amevuka mstari akiwa wa tatu. Wenzake walimbeba juu juu. Kisha ubao wa matokeo ukaifuta timu yao, kana kwamba haikuwahi kufika pale.

Katika mbio hizi, wanaosubiri kijiti hupangwa na msimamizi kwa kufuata jinsi wenzao wanavyopita nusu ya mzunguko. Anayemsubiri wa kwanza hukaa ndani kabisa, wa pili kando yake, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Ukishapangwa husogei, hata mwenzako akiota mabawa. Nahodha wao, aliyekuwa akimletea kijiti, alipita pale akiwa wa tano, Kamba akawekwa wa tano. Lakini Nahodha akachomoka kwenye kona, akawapita wawili, na Kamba, bila kufikiri, akapiga hatua mbili kuelekea ndani na kunyoosha mkono. Nyumbani walifanya hivyo kila jioni. Kwenye kiwanja chao cha udongo hapakuwa na msimamizi. Anayeletewa kijiti mapema huingia ndani, wengine humpisha.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu, mzee aliyewafundisha wote wanne, aliingia na karatasi mkononi na bahasha kwapani.

"Karani wa mashindano yuko hapo nje," alisema. "Medali hazitolewi mpaka tujibu kwa maandishi. Nimeshaandika rufaa. Yule kijana wa jezi ya njano alikusukuma, ukajikuta ndani. Tia saini."

"Hakunisukuma, Mwalimu."

"Picha za waamuzi zimechukuliwa kwa mbali, haonekani mtu vizuri. Lakini bila saini yako hii ni karatasi ya kufungia karanga. Jezi ya njano ndio waliopewa nafasi yetu. Wakikutwa na kosa, shaba inarudi."

Nahodha, aliyekuwa amelala chali sakafuni na barafu gotini, akainua kichwa.

"Dogo, sikia. Goti hili limeshaniaga. Hii ilikuwa ya mwisho. Miaka yote namwambia mke wangu medali ni mwakani, mwakani, mpaka sasa nikitamka neno hilo anatoka nje. Andika jina lako tu. Siyo kitabu."

"Kaka, yule kijana alinipisha."

"Alikupisha vipi?"

"Nilipoingia alirudi nyuma, nikapata nafasi. Alinipisha kama mtu wa nyumbani."

Nje watu walikuwa wakishangilia mbio nyingine.

"Mpumbavu yule," Nahodha akasema taratibu. "Na wewe pia."

"Ndiyo, kaka."

"Huumii?"

"Sihisi kitu. Ni kama mkono uliolaliwa. Najua ni wangu, lakini umekufa ganzi."

Nahodha alimtazama kwa muda, kisha akalaza kichwa sakafuni na kujifunika uso kwa fulana yake. Mwalimu alibaki ameshika kalamu.

"Nipe karatasi safi, Mwalimu," Kamba akasema.

Aliiweka juu ya paja. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyezoea kuandika vipimo kwa chaki juu ya chuma. Aliandika kwamba hakusukumwa na mtu, alisogea mwenyewe, na kwamba timu haina rufaa. Akatia saini, akaikabidhi kwa mikono miwili.

Mwalimu alisoma akiwa amesimama. Aliikunja rufaa yake mwenyewe akaitia mfukoni, kisha akaikunja ile ya Kamba na kuiingiza kwenye bahasha. Akapitisha ulimi kwenye gundi, akaibana ukutani kwa kiganja, akafungua mlango na kumpa karani, naye akaondoka nayo mbiombio.