Mkwe Yuko Mlangoni

Siku moja kabla ya kupasuliwa, daktari Ojulong aliniamuru nisile kitu. Maji tu, chai ya rangi, na dawa ya kuosha tumbo yenye ladha ya maji ya chumvi yaliyolowekwa misumari. Jioni nipande gari kwenda hospitali Tororo. Kwa hiyo nyumba yangu ya Busia, upande wa Uganda, ikajaa watu kuliko Krismasi. Walikuja kwa upendo, na upendo wao ukala kuku wangu wawili huku nikitazama.

Silalamiki. Mimi ndiye niliyewazoesha kuja kwangu kutafuta umbea. Habari za upande wa Kenya hunifikia mimi kabla hazijagongwa muhuri mpakani.

Jirani yangu Nereah, aliyesomea udaktari redioni, alinyonya mfupa akanipa matokeo yake.

"Saratani gani hiyo? Hiyo ni vidonda vya tumbo. Binamu yangu wa kule Petta alikuwa navyo hivyohivyo."

"Akapona?"

"Alikufa. Lakini ilikuwa ajali ya boda."

Nikaenda Tororo nimefarijika sana.

Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani na mshono kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu, nimeshonwa kama gunia la mahindi. Daktari akaja kusimama miguuni pangu.

"Mama Resty, uvimbe tumeutoa na kipande cha utumbo. Sasa matumbo yamelala. Tunangoja yaamke."

"Tutajuaje yameamka?"

"Utajamba," alisema, bila kuzunguka. "Usipojamba na tumbo likizidi kuvimba, nitakurudisha mezani nione kilichoziba."

Basi mimi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, nikawa mtu wa kungojewa ushuzi. Binti yangu Resty alitangaza kwa ukoo mzima. Asubuhi simu zinalia Busia zote mbili: mama amejamba? Kwenye WhatsApp ya kanisa waliniombea kwa jina na kwa tatizo.

Siku ya nne tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Nesi Adeke alinitembeza koridoni, nimekumbatia mto juu ya mshono.

"Tembea, mama. Upepo haikuji kwa mtu analala."

Saa nane mchana, nimerudi kitandani, kitu kikanguruma. Nikajiweka tayari. Hapo ndipo Resty alipoingia anatabasamu, Nereah nyuma yake.

"Mama, Osborn amekuja kukuona."

Osborn ni mume wa Resty, anashughulikia karatasi za malori upande wa Kenya. Kwetu Wasamia, mama mkwe na mkwe wa kiume hawashikani mikono wala hawali pamoja. Miaka sita sasa, tukikutana sokoni mmoja wetu hugeuka ghafla kununua nyanya asizozihitaji. Na leo kijana huyu mwenye adabu alisimama nje ya mlango, akauelekea ukuta.

"Mulembe, mama," akanisalimu kwa Kisamia.

"Mulembe, mwanangu."

Nikadhani ameondoka. Kumbe ameomba kiti. Akaketi palepale mlangoni, amenipa mgongo kwa heshima, na heshima hiyo ikakaa saa moja na nusu. Mkwe hafukuzwi. Na kumtuma Resty akamwambie kwa nini aondoke, si ndiyo aibu yenyewe? Nikabana. Jasho likanitoka, machozi yakafuata.

"Ona anavyolia," Nereah akasema. "Furaha ya mkwe."

Adeke akaja, akanigusa tumbo, akainama.

"Mama, unabana?"

"Mkwe yuko mlangoni," nikanong'ona.

Akamtazama Osborn, akanitazama mimi.

"Wanaume wawili wanakungoja. Huyu ana kiti, yule ana kisu. Chagua."

Nikaachia. Ulianza chini chini ukapanda, kama lori la mizigo linalobadilisha gia kwenye foleni ya mpaka, na haukuwa na haraka ya kuisha. Wodi nzima ikanyamaza, hata Nereah, jambo ambalo sikuwahi kulishuhudia. Mlangoni kiti kikaburuzwa, kisha viatu vikasikika vikienda mbio koridoni. Adeke akatazama saa, akaandika kwenye faili. Jioni nikapewa uji, nusu kikombe. Niliulamba hadi chini.

Aibu kama ile kwetu husafishwa kwa mbuzi. Wazee walibishana wiki mbili mkosaji ni nani, hadi Osborn alipotuma neno kwamba kosa ni lake, alikaa mno. Mbuzi akaja. Nyumba ikajaa. Mimi niliruhusiwa vijiko vitatu vya mchuzi, maana dripu za saratani zinaanza mwezi ujao na daktari hataki mbwembwe. Wengine wakala kwa niaba yangu, wanavyojua.

Osborn alisimama nyuma ya jiko, ameuelekea ukuta.

"Mulembe, mama. Tumbo linaendeleaje?"

"Linafanya kazi, mwanangu."

Akausogelea ukuta zaidi.

"Tulisikia," akasema.