Sauti ya Kuanzia

Mwalimu wa kwaya hakuwa na kinanda. Shule nyingine za wilaya zilikuwa nacho, na moja ilikuwa na viwili, kimoja kikiwa kimefunikwa kitambaa kama bibi harusi. Shule hii ilikuwa na Filimbi.

Filimbi alikuwa msichana aliyewapita wenzake kimo, kwa sababu darasa lile alikuwa akilirudia. Jina hilo alipewa na waimbaji wenzake. Kabla ya kila wimbo, yeye ndiye aliyefumba macho na kutoa sauti moja nyembamba, "mmmm," na kwaya nzima ikaishika palepale kama watu wanaoshika kamba moja. Katika hesabu alikosea. Katika historia aliwachanganya wafalme na vita vyao. Sauti ya kuanzia hakuwahi kuikosea hata siku moja.

"Huyu mtoto Mungu amemwekea kinanda kifuani," mwalimu alipenda kusema, na Filimbi alikwenda nayo maneno hayo hadi nyumbani, akiyarudia kimoyomoyo.

Nyumbani hayakuwa na uzito. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Matokeo ya muhula yalipotoka, na jina la Filimbi likawa chini kabisa pamoja na majina ya watoro, baba alizima mashine yake, akavua miwani yake myeusi na kumwita.

"Mwanangu, sikutukani. Lakini umerudia darasa na bado unavuta mkia. Shangazi yako ana cherehani ya pili, imekaa bure. Anza sasa, ukifika umri wa wenzako kutafuta kazi, wewe unayo."

"Baba, niache nimalize shule."

"Umalize nini? Nionyeshe kitu kimoja unachokiweza pale."

"Kuimba."

Kidogo baba acheke, akajizuia. Alimtazama binti yake, akifuta vumbi la chuma kwenye mikono.

"Kuimba. Haya. Kuna mashindano ya wilaya, sivyo? Mkishika moja ya nafasi tatu za juu, utabaki shuleni na sitafungua mdomo tena. Msiposhika, Jumatatu inayofuata unakwenda kwa shangazi. Neno langu unalijua."

Alilijua. Baba aliwahi kuungua kiganja akiwa katikati ya geti la mteja, akakifunga kitambaa na kulimaliza kwa mkono mmoja, kwa sababu alikuwa ameahidi. Hakuwa mtu wa kusema leo hili na kesho lile. Watu walimsifu kwa hilo mtaa mzima.

Tangu siku hiyo Filimbi aliomba kila mahali: akipiga mswaki, akifagia darasa, akipanga foleni ya maji. Sala yake haikuwa ndefu. "Ee Mungu, wewe unajua. Tatu za juu tu. Hata ya tatu yenyewe."

Siku ya mashindano shule zote za wilaya zilikusanyika kwenye ukumbi mkubwa, na njia za kuingilia zilijaa kazi za wanafunzi. Kulikuwa na mlima wa volkano uliofinyangwa kwa karatasi na gundi, na taa iliyowaka kwa kuzungusha gurudumu la baiskeli. Insha zilizoshinda zilibandikwa ukutani, wazazi wakizisoma kwa sauti kana kwamba waliziandika wao. Wakimbiaji walipita wakiwa na medali shingoni, wakijifanya wamezisahau. Ilikuwa siku njema kwa watoto wengi, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Kwa Filimbi ilikuwa kama kupita sokoni bila kitu mfukoni.

"Mbona umenuna kama umelambishwa ndimu?" aliuliza Kiroboto, msichana mdogo mwenye sauti ya juu kuliko wote. "Tabasamu bwana, majaji wakuone meno."

"Baba yangu amekuja."

"Wazazi wote wamekuja. Mama yangu amekuja na mwavuli, na wala hakuna mvua."

"Wewe mama yako hakutoi shule leo."

Kiroboto aliacha mzaha. Alimshika mkono, wakaingia.

Ukumbi ulikuwa na zulia na mapazia mazito, na milango iliyojifunga yenyewe taratibu. Walipopanga mistari yao jukwaani na mwalimu akainua mikono, watu walinyamaza. Filimbi hakuwahi kusikia kimya cha namna ile. Alifumba macho, akaitafuta sauti mahali anapoipata siku zote.

Haikuwepo.

Nyuma ya darasa walilofanyia mazoezi kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mwaka mzima iliunguruma, na mwaka mzima mwalimu aliilaani na kuyapiga madirisha ili yafungike. "Hii mashine itanizika kabla ya siku zangu!" Hakuna aliyejua kwamba Filimbi alikuwa akiichukua sauti ya kuanzia kutoka kwenye mngurumo ule. Yeye mwenyewe ndiye aliyejua kidogo kuliko wote. Alidhani inatoka kifuani, kule mwalimu alikosema imewekwa. Sasa, mbele za watu, ndipo alipoelewa. Chini ya miguu yake hapakuwa na mngurumo wowote. Kulikuwa na zulia.

Mwalimu alimkonyeza. Watu walikuwa wakingoja. Akabahatisha.

"Mmmm."

Waliipokea kwa imani, kama walivyozoea. Ubeti wa kwanza ulikwenda, japo sauti za juu zilikaza shingo. Ulipofika mwitikio, wimbo ukapanda, ukazidi kupanda, na Kiroboto, ambaye sauti haikuwahi kumshinda, akatoa mlio wa bawaba iliyokosa mafuta. Mtu mmoja alicheka kwenye viti vya mbele. Sauti zikapukutika moja baada ya nyingine, na mwalimu akashusha mikono.

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliinama kwenye kipaza sauti. "Mnaruhusiwa kuanza upya mara moja. Alama za mwanzo mmezikosa. Jipangeni."

"Filimbi," mwalimu alinong'ona, jasho likimtiririka, "shusha."

"Kiasi gani, Mwalimu?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Hakujua. Mwaka mzima kazi hiyo alikuwa amemwachia mtoto, akaisifu, asijifunze kuifanya.

Filimbi aliomba. Hakuwahi kuomba vile, maana sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni. Ee Mungu, nipe. Moja tu, ileile ya kila siku, nipe. Alingoja kama mtu aliyebisha hodi na kusikiliza hatua za miguu ndani, na ndani hapakuwa na hatua. Nyuma kabisa ya ukumbi baba yake alikuwa amesimama karibu na ukuta, katika shati lake la kazi.

Akageuka. Katika mstari wa mwisho alisimama Zege, mvulana mwenye sauti nzito kuliko wote. Katika ubeti wa tatu wimbo ulishuka hadi kwenye sakafu ya sauti yake, na kila mazoezi Zege aliipiga hiyo sauti huku akisema, "Hapa nimefika. Chini ya hapa ni mawe matupu."

Filimbi aliondoka mahali pake, jambo ambalo halikuruhusiwa, akapenya katikati ya mistari. Watu walianza kuguna.

"Zege, niimbie ile ya chini."

"Sasa hivi? Umechanganyikiwa? Watu wanatutazama!"

"Ile ya ubeti wa tatu. Ya mwisho kabisa. Nakuomba, kaka."

Zege aliinamisha kichwa. Kisha akavuta pumzi na kuitoa, ndogo, ya ndani, ikitetemeka kidogo mwanzoni na kutulia. Filimbi aliweka sikio karibu na kifua chake. Toka pale akapanda kwa mnong'ono, sauti moja baada ya nyingine, kama mtu anayepapasa ngazi gizani, akiurudia wimbo kinyumenyume hadi mwanzo wake. Alipofika aliishikilia mdomoni, akarudi mahali pake bila kumtazama mtu, asije akaimwaga njiani.

"Mmmm."

Wakaimba. Waliimba kama hawajawahi kuimba, labda kwa sababu ya aibu, labda kwa sababu ya hofu. Kiroboto alipanda hadi juu kabisa na akakaa huko bila taabu. Zege alishuka kwenye mawe yake. Walipomaliza, watu walisimama, na Filimbi aliona mikono ya baba yake ikipiga makofi. Tumaini likamrudia.

Matokeo yalisomwa kuanzia chini kwenda juu. Shule yao ilitajwa mapema kuliko alivyoomba.

"Nafasi ya nne."

Jaji aliongeza kuwa kama si zile alama za mwanzo, wangekuwa juu zaidi. Alilisema kwa wema. Afadhali angelinyamazia.

"Ni mimi niliyekwaruza," Kiroboto alilia.

"Ni mimi niliyekupandisha," alisema Filimbi. Yeye hakulia bado.

Baba alikuwa akiwangoja nje. Mwalimu alimfikia kwanza, akampa mkono.

"Mzee, binti yako ametuokoa leo. Nimefundisha miaka mingi, sijaona mtoto akifanya vile."

"Nimeona, Mwalimu. Nimeona vizuri. Ule wimbo wa mara ya pili ulinisimamisha nywele."

"Basi, mzee wangu, hilo linatosha. Mwache aendelee."

"Nilisema tatu." Baba hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyebeba kitu kizito na hajui pa kukitua. "Nikilivunja neno hili kwa kuwa limeniuma, na wadogo zake walilisikia, kesho wataniamini kwa lipi?"

"Kosa ni langu, mzee. Mimi ndiye niliyepaswa—"

"Sibishani na wewe, Mwalimu."

Filimbi alimshika baba mkono wa shati. Sasa machozi yalikuja, mbele ya wakimbiaji na medali zao.

"Baba, nakuomba. Mpaka mwisho wa mwaka tu. Baba."

Baba alitazama upande mwingine, barabarani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. "Jumatatu," alisema.

Jumatatu alikwenda. Duka la shangazi lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, vitambaa vikining'inia hadi sakafuni na pasi ikifuka moshi kwenye kona. Shangazi alimkalisha mbele ya cherehani ya pili na kumpa mabaki ya kitambaa ajifunze kwenda moja kwa moja.

"Kaa hapa, mwanangu. Ila usinililie juu ya nguo za watu, zitashika madoa."

Alishona, akafumua, akashona tena. Mchana ulipoinama, saa ambayo kwaya hukutana, mishono yake ilianza kwenda arijojo. Shangazi aliona, akaendelea kukata kitambaa.

"Shangazi," alisema Filimbi mwishowe, "duka unafunga saa ngapi?"

"Wateja wakiisha. Kwa nini?"

"Kuna madarasa ya jioni kule shule ya msingi. Watu wazima wanasoma. Nataka kujiandikisha."

Shangazi aliweka mkasi chini. "Baba yako anajua?"

"Baba alisema nitoke shuleni nije kwako. Nimekuja. Jioni hakuitaja."

Shangazi aliangua kicheko, mabega yakitikisika. "Ehee! Na wanasema huyu hana kichwa!" Kisha kicheko kikakatika. "Lakini jioni ndiyo saa ya wateja, mama. Watu wanatoka kazini, wanakuja kupimwa. Na kaka yangu akisikia nimekuficha, hatanisemesha."

"Nitakuja alfajiri. Nitafagia, nitapiga pasi, vifungo vyote nitavitia mimi. Usinifiche. Mwambie. Mwambie wewe, shangazi, mimi akinitazama nashindwa."

Shangazi aliuchukua tena mkasi wake. Mteja aliingia na gauni la kupunguzwa, akapimwa, akaondoka. Filimbi aliinamisha kichwa juu ya cherehani na kuomba, safari hii bila kumpangia Mungu nafasi. Alisema tu, niko hapa, na akarudia, niko hapa, kwa kuwa hakuwa na neno jingine lililobaki.

"Kesho jioni nenda kaulize," shangazi alisema, akiwa amempa mgongo, akikunja kanda yake ya kupimia. "Kuuliza si kujiandikisha. Mimi nitakwenda kwa baba yako. Nisiporudi na jibu zuri, utakuja hapa ukae, na hutanisumbua tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi."

"Haya, fumua huo mshono. Umekwenda upande."

Filimbi alichukua wembe na kuanza kufumua, uzi mmoja mmoja, polepole, maana kitambaa kilikuwa chepesi.