Utani wa Wanga

Bonge alikuwa fundi makochi, na kama walivyo wanene wengi waliochoka kutaniwa, alijifunza mapema kujitania mwenyewe kabla wengine hawajaanza. Akimaliza kutengeneza kochi alikuwa akilikalia mbele ya mteja na kusema, "Likinibeba mimi, litakubeba wewe na ukoo wako." Watu walicheka, kazi zikaja, na mwili nao ukazidi kunawiri.

Kilichomtia adabu ni kliniki. Sukari ilikuwa imeanza kupanda.

"Wanga hatujakukataza," muuguzi alimwambia. "Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage au samaki, robo inayobaki ndiyo ya wanga. Kiazi, wali au mkate, chagua kimoja. Na nafaka isiyokobolewa itakushibisha zaidi."

Bonge aliitikia huku akili ikiwa kwenye mkate na siagi. Aliyesikiliza ni mama yake mdogo, aliyemsindikiza.

Huyo ndiye aliyemlea. Alipofiwa na mume, mawifi zake walimwita mwanga, eti usiku hutoka kuwanga, wakamfukuza nyumbani kwake na mfuko mmoja wa nguo. Akakimbilia kwa dada yake. Dada naye, mama mzazi wa Bonge, hakukaa sana duniani, mtoto akabaki mikononi mwake. Bonge aliijua habari hiyo tangu utotoni, na hapo ndipo kosa lake linapokosa utetezi.

Tangu kliniki, mama akawa anamletea chakula karakana kila mchana. Mboga tele, maharage, na wali kidogo pembeni. Bonge hakushinda njaa hata siku moja, na suruali zikaanza kumpwaya.

Mchana mmoja mafundi wenzake walichungulia bakuli lake. "Bonge, huo wali umepakuliwa au umedondoka?"

Mama alikuwa ameshaaga. Bonge, ambaye hakuwahi kuacha utani umpite, akajibu kwa sauti, "Nimekatazwa wanga, ndugu zangu! Cha ajabu, mwanga mwenyewe ndiye anayenipikia!"

Karakana nzima iliangua kicheko. Mama alikuwa bado mlangoni. Alirudi taratibu, akachukua kifuniko alichokisahau mezani, akatoka. Jioni Bonge aliporudi nyumbani alikuta mama amehamia chumba cha kupanga mtaa wa pili. Hakuwa amegombana na mtu.

Angemfuata siku ile ile. Lakini alishikwa na aibu, akajidanganya kwamba kazi zimemzidi. Kwanza alijipoza kwa mkate na soda mpaka suruali zikambana tena. Halafu akajikasirikia, akafuta wanga wote, akawa mtu wa nyama na mayai tu. Akawa mkali, akamfokea mteja bila sababu, na asubuhi moja kichwa kikamzunguka akaanguka juu ya rundo la sponji. Wenzake walisema ana bahati, kaangukia godoro. Yeye hakucheka. Alilala pale akimtaka mama yake, mtu mzima na ndevu zake.

Jioni alipiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo? Unakula nini?"

"Nyama. Wanga nimeacha kabisa."

"Nani alikuambia uache? Uliambiwa upunguze."

Alikuwa akimenya viazi, na hakusimamisha kisu.

"Mama, yale maneno... ulikuwa utani tu."

"Najua, mwanangu. Hata kwa mawifi zangu yalianza kwa utani."

Bonge alipiga magoti, akaomba msamaha huku machozi yakimtoka. Mama akamshika bega. "Nimekusamehe. Inuka, sakafu imelowa." Na alikuwa amemsamehe kweli, sauti yake haikuwa na kinyongo.

Viazi vilipoiva alimpakulia kama muuguzi alivyoelekeza, robo ikiwa robo. Bonge akanawa, akasogeza kiti. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alisikia njaa ya kawaida.

"Ngoja kwanza," mama alisema.

Alichukua kijiko, akachota mboga kwenye sahani ya mwanawe, akala. Akachota maharage. Akamega kiazi, akakitafuna polepole, akameza, kisha akafumbua mdomo kidogo ili Bonge aone kwamba kimeshuka. Katika miaka yote aliyompikia hakuwahi kufanya hivyo.

Akamsukumia sahani.

"Haya, kula. Umeona mwenyewe."