Gari Moja, Mashemeji Wawili

Kwetu mgeni hakuulizwa habari za safari. Aliulizwa: "Anayeshinda mashindano ni dereva au ni gari?" Akijibu dereva, Baba alimwongezea chai. Akijibu gari, Mjomba alimpiga kibao cha mgongo, chai ikamwagika.

Chanzo chake ni hiki. Miaka thelathini na minane iliyopita, mimi sijazaliwa, wawili hao walishindana kupanda kilima kwa magari. Ni kilomita tatu za lami na kona kumi na nne, gari moja moja, kila dereva akipambana na saa. Mjomba alikuja na Kifaru, gari kubwa la silinda sita, likinguruma mpaka vioo vya nyumba za watu vinatetemeka. Baba alikuwa na Panzi, kigari cha milango miwili chenye injini nyuma, cha rangi ya haradali, kifuniko chake cha mbele kimefungwa kwa mkanda wa suruali. Mtunza saa kule kileleni alikuwa mwalimu wa hesabu wa miaka ishirini na mitano, mdogo wake Mjomba. Alipobonyeza saa mara ya mwisho, Panzi alikuwa ameshinda kwa sekunde moja na nusu. Mwaka uliofuata mtunza saa akaolewa na mshindi. Huyo ndiye Mama.

Mjomba hakusahau. Alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, Panzi ni mwepesi na kona zile zilimpenda. Angepanda yeyote angeshinda. Ya pili aliisema akiwa ameshasogea karibu na mlango: "Huyu mdogo wangu alikuwa kashapenda. Kidole cha mtu aliyependa kina haraka."

"Kaka," Mama humjibu, "nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini. Sijampa mtu maksi ya bure, sembuse sekunde."

Mimi ni fundi magari. Nilijifunza kazi katika gereji ya hao wawili, chini ya magari, huku nikisikiliza ubishi. Mteja akingojea kubadilishiwa breki, Mjomba alimtega: "Gari la kwanza kuvuka kilomita mia kwa saa lilitumia nini?" Mteja akisema petroli, Mjomba alichomoza kichwa kutoka chini ya gari, uso mweusi kwa grisi, akipaza sauti: "Umeme! Mwaka elfu moja mia nane tisini na tisa! Babu yako hajazaliwa!" Baba naye hakukubali kuachwa: "Na enzi hizo fundi alipanda na dereva mashindanoni. Anapampu oili kwa mkono njia nzima, vumbi kinywani." Wateja wengine walikuja na magari mazima, kusikiliza tu.

Basi siku moja chama cha madereva kikatangaza kwamba kilima kitafunguliwa tena, kwa magari ya zamani peke yake. Na kwa kuenzi enzi hizo, kila dereva ataruhusiwa kupanda na fundi wake.

Baba alisoma tangazo lile akiwa amesimama. Akalisoma tena kwa sauti. Kisha akaenda kumvua Panzi turubai. Miezi miwili sikujua Jumapili ni nini. Nilifungua injini yote mezani, nikabadilisha pistoni na ringi zake, nikasafisha kabureta kwa mswaki. Upande wa pili wa karakana Mjomba alikuwa anamng'arisha Kifaru, akiimba kwa makusudi ili sisi tusisikie injini yetu.

Siku ikafika. Tulifika kilimani asubuhi na mapema, watu wameshajaa ukingoni mwa barabara kama nzige, harufu ya petroli imetanda. Safari hii saa zilikuwa za mashine: gari likikata mwali wa taa chini, muda unaanza, likikata wa juu, unasimama. Hata hivyo Mama alikwenda kileleni na saa yake ileile ya kubonyeza, kaivaa shingoni, akasimama karibu na mwenye mashine kama msimamizi wa mtihani.

Kwenye mazoezi Kifaru aliondoka kwa mngurumo wa kumfanya mtu asahau jina lake. Kona ya tatu akaanza kutoa moshi mweupe. Ya nne akazimika. Nilikimbia mpaka pale, nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Gasketi ya hedi, Mjomba. Maji yameingia kwenye oili."

"Leo haiwezekani?"

"Leo haiwezekani."

Akaketi juu ya bampa lake, kofia ngumu mapajani. Miaka sabini yake yote ikamrudia kwa pamoja. Baba alifika akihema, akaitazama ile oili, akamtazama shemeji yake, halafu akanyoosha mkono. Kiganjani mlikuwa na ufunguo wa Panzi.

"Mimi nitapanda kwanza, kisha wewe. Fundi ni huyuhuyu, uzito ni uleule. Leo tutajua ni dereva au ni gari."

"Shemeji, umefikiria vizuri?"

"Sijafikiria hata kidogo. Chukua kabla sijaanza."

Wasimamizi wakakubali, na habari ikapanda kilima haraka kuliko gari lolote. Kipaza sauti kilitangaza gari moja, mashemeji wawili, na watu wakapiga kelele hadi ndege wakaruka mitini.

Nilifunga mkanda kando ya Baba. Bendera ikashuka. Jamani! Mtu niliyemjua huendesha kwenda sokoni kama amebeba maiti. Huyu wa kando yangu alikuwa mtu mwingine. Alichelewesha breki mpaka nikaona mawe ya ukingoni moja moja. Panzi aliteleza matako, Baba akacheka, akamrudisha, akamkanyagia tena. Kwenye kona ya tangi la maji, ambapo kila mtu hushuka gia ya pili, alibaki ya tatu. Tairi la ndani likanyanyuka. Niliona anga mahali pa barabara, nikamwita mama yangu, naye alikuwa kileleni. Tulipovuka mstari miguu yangu ilikuwa inakanyaga breki isiyokuwepo.

"Dakika mbili, sekunde arobaini na moja, nukta sita!" kikalia kipaza sauti.

Tukateremka. Mjomba akaingia, akasogeza kiti nyuma, akagusa kila gia mara moja bila kuwasha. Nilitarajia ngurumo. Badala yake aliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mikono haikuwa na papara. Kila kona aliingia taratibu nusu pumzi, akatoka mapema, injini ikiimba bila kukatika. Tangini alishuka gia ya pili kama watu wote. Nikajiambia, ameshindwa. Lakini pale juu, penye kona tano zinazofuatana, Panzi hakuteleza hata mara moja. Alipita kama uzi kwenye sindano.

"Dakika mbili, sekunde arobaini, nukta tisa!"

Watu wakalipuka. Mjomba alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka chini ya miwani.

Mama alikuwa wa kwanza kutufikia, karatasi mkononi. Hakuangalia nani kashinda. "Kaka, soma. Mashine, arobaini na moja nukta sita. Mimi, arobaini na moja nukta tano. Mashine, arobaini nukta tisa. Mimi, arobaini nukta nane. Mume na kaka, kidole kimeteleza sawasawa. Una la kusema?"

"Sina," alisema Mjomba. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Miaka thelathini na minane!" Mama alisema, akaikunja karatasi yake.

Baba naye alifika kwa gari la wasimamizi. Alikuja moja kwa moja mpaka dirishani pa Panzi.

"Shemeji, ulisema kweli. Ilikuwa gari."

Mjomba alifungua kinywa. Hilo ndilo neno alilolingojea umri wangu wote, na zaidi. Nilimwona anatafuta pa kuliweka, kama mtu aliyeletewa kabati akakuta nyumba haina nafasi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wewe ulianza na matairi baridi. Mimi nimeyakuta ya moto. Hiyo peke yake ni sekunde nzima."

"Usinihurumie."

"Nani anakuhurumia? Tangi lile kwa gia ya tatu! Nimesikia kutoka chini, nywele zikanisimama. Hilo si gari, ni dereva!"

"Ni gari, nakwambia!"

"Dereva!"

Walikuwa wamebadilishana pande bila kujua, wakigongana vifua na kucheka, na mimi nikapata nafasi ya kumkagua Panzi. Kipimo cha joto kilikuwa shwari. Oili safi. Kila gari lilipewa raundi tatu, Panzi alikuwa amebakiwa na moja, na hakuna aliyekuwa akiikumbuka.

Mama aliikumbuka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa abiria, akapandisha gauni lake kidogo na kuingia.

"Kilima hiki nimekipima maisha yangu yote," aliniambia. "Sijawahi kukipanda kwa kasi hata siku moja. Vaa kofia yako."

"Niendeshe mimi?"

"Wale wawili watabishana mpaka magharibi. Washa!"

Tulishuka hadi mstarini. Bendera ilipoanguka niliachia klachi, Panzi akaruka, na Mama akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia darasani wala nyumbani. Kwenye kila kona alinihimiza kwa kiganja juu ya dashibodi: "Kanyaga, mwanangu! Bado una nafasi! Kanyaga!" Tangini nilishuka gia ya pili, akanifokea. Tulipovuka mwali wa juu alikuwa amepoteza kiatu kimoja chini ya kiti.

Dakika mbili, sekunde arobaini na nne kamili. Wa mwisho katika familia. Nilimgeukia kumwomba radhi, lakini alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, akimuuliza msimamizi madereva wanawake wa miaka sitini na mitatu huandikishwa wapi.