Asali ya Sokoni

Fidla ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo, kati ya shuka za Rehema na soksi za wanawe, haina nyuzi, haina rangi, nyeupe kama unga wa muhogo. Upepo wa mlimani ulipoigusa iligeuka taratibu, ikatupa mgongo, ikarudi. Fundi Gervas alisimama mbele yake amefunga mikono nyuma, anaichungulia ubavuni.

"Vipi, tayari?" nikamuuliza.

"Bado, Mwalimu. Jua halijaingia."

"Jua gani tena hilo? Mimi mwenyewe nimeshaungua hapa."

"Wewe ulizaliwa umeungua. Kule Tabora si mnaanikwa pamoja na michembe ya viazi?"

Rehema, mwenye nyumba, akacheka hadi akaangusha kibanio. Nami nikacheka. Ndivyo tulivyokuwa. Mimi Mnyamwezi, Gervas Mluguru. Watani tangu mababu zangu walipopita njia hii na mizigo kichwani. Mtani humnunii. Akikutukana unacheka, akikuita mke wake unacheka, akikuficha kiatu mlangoni unacheka huku unakitafuta. Tangu tujuane hapo Bigwa, pembezoni mwa Morogoro, sikuwahi kusikia kutoka kwake neno ambalo halikuweza kuwa mzaha, na mimi sikumpa hata moja.

Nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na hapo, na Jumapili nilipiga fidla kwenye kwaya ya parokia. Fidla yenyewe ya kuazima, shingo imepinda, ukipanda sauti za juu inalia kama bawaba kavu. Gervas alikuwa fundi wa milango, vitanda na majeneza, lakini ujanani huko kwao Mgeta bruda mmoja wa misheni alimfundisha kutengeneza fidla, na ugonjwa huo haukumtoka. Kinanda kibovu cha misheni kilipovunjwa, wengine waligombea mbao za kuwashia moto. Yeye akashuka mlima na ubao mmoja begani, wa mti wa Ulaya, mwepesi, uliokauka miaka na miaka. Huo ndio aliouchonga ukawa uso wa fidla yangu. Mgongo na mbavu akatumia mti mweupe wa mlimani.

Kuchonga kulikwisha mapema. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mbao ya fidla haipakwi vanishi hivihivi. Kwanza aliifuta kwa kitambaa chenye majimaji, na nyuzinyuzi zake zikasimama kama vinyweleo vya mtu aliyeshikwa na baridi. Akaacha ikauke, akazikata kwa msasa laini, akailowesha tena. Alirudia na kurudia hadi mbao ikachoka kusimamisha. Baada ya hapo jua, wiki baada ya wiki, mpaka weupe ule ushike rangi ya chai ya maziwa. Halafu ndipo inakuja kazi ya kuziba: ute wa yai uliopigwa ukaachwa utulie, gundi ya mgunga, na asali. Mchanganyiko huo unapakwa kidogo sana, unaziba vitundu vya mbao, ili vanishi ibaki juu.

"Usipoziba, mbao inakunywa vanishi yote," alinieleza. "Inalewa. Na fidla iliyolewa haiimbi, inaguna tu."

"Na asali ya nini? Si useme tu una njaa."

"Ute peke yake ukikauka unapasuka. Asali inaulainisha. Lakini iwe asali kweli, Mwalimu. Hii ya sokoni wanachanganya na sukari, masika ikifika inanata. Wewe si mtu wa Tabora? Niletee ya kwenu."

Likizo ya Krismasi nilirudi nayo. Chupa nzima, nyeusi, inanukia miombo, mama ameifunga mdomo kwa nailoni na kamba. Nikaisukuma chini ya kitanda. Jumamosi nikaenda kwake mikono mitupu.

"Asali?"

"Bado, Fundi. Mama anasema warina asali hawajatoka porini."

"Aa. Hakuna haraka," akasema. "Jua lenyewe bado."

Jua bado! Januari ile Morogoro ilichoma hadi mbwa wa Rehema akahamia chini ya karo. Fidla ilishapata rangi ya chai zamani, kila mwenye macho aliiona. Nikamtazama, yeye akautazama mlima. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye hataki kazi ile iishe, na nikarudi nyumbani naimba njia nzima.

Kila Jumamosi aliishusha kambani, akaitia nyuzi, akanipa niipige. Alisema anataka kuisikia ikiwa nyeupe, yaani bila vanishi, akwangue hapa na pale panapogoma, kwa sababu ikishazibwa hakuna kuifungua tena. Nilipiga nyimbo za kwaya, nikapiga za harusi za kwetu, nikapiga chochote kilichonijia. Yeye alinipa mgongo akisikiliza, ameinamisha kichwa, mkono umeshika ukingo wa meza. Sauti ya mbao ile ikiwa nyeupe, jamani, sijaisikia tena popote. Ilitoka bila kujificha, na ukali kidogo, ikanipita mbavuni. Nikimaliza aliipokea. Kisha husema, "Bado." Ningependa kusema nilikasirika, lakini neno hilo nililisubiri wiki nzima.

Siku moja akasema, bila kugeuka, "Nikishaiziba hii, wewe hutakuja tena."

"Basi nioe," nikasema. "Nitakuwepo kila siku."

Neno lilitoka hivyo, wazi, sikulipamba. Rehema alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Akapaza sauti, "Weee! Mnyamwezi kajiposa!" Gervas akageuka, akanitazama kwa namna ambayo mtani hamtazami mtani. Halafu akacheka.

"Nikupeleke Mgeta, wewe? Siku ya kwanza tu utaporomoka na jembe."

"Nitajifunga kamba kiunoni kama mnavyolima nyie," nikamjibu, maana mdomo wangu haukujua kunyamaza. Uani pote wakacheka, na neno langu likapotelea mlemle.

Nilimpenda Gervas. Nilipenda vumbi la mbao kwenye nyusi zake, na jinsi alivyokoroga chai kwa kijiti cha kazi, na jinsi alivyoishika fidla ile kama mtoto asiyekaza shingo. Usiku nilipanga maneno, na Jumamosi maneno yaleyale yakitoka yalikuwa yameshavaa utani.

Karibu na Pasaka mama akanipigia simu nikiwa palepale uani. Ernest, mhasibu wa Tabora mjini, mtu wa watu, alikuwa ameleta posa kwa wazee wangu na anasubiri jibu. Mama haongei taratibu. Nusu ya Bigwa ilimsikia. "Sawa, mama," nikasema, "nakuja tulimalize." Nilimaanisha nakwenda kumkatalia ana kwa ana, maana mtoto wa watu hakataliwi kwenye simu. Gervas alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Randa ikasimama, kisha ikaendelea.

"Hongera, mke wangu," akasema. "Sasa mimi unaniachia nani?"

"Nakuachia Rehema, mtafukuzana na mbwa wake."

Wakacheka, nami nikacheka. Kesho yake nikapanda basi.

Ernest nilimwambia ukweli, akaupokea vizuri kuliko mama. Mama alininunia likizo nzima, hata siku ya kuondoka hakunisindikiza. Ndani ya basi, toka Tabora hadi stendi ya Msamvu, nilikuwa najifundisha kusema jambo ambalo haliwezi kuchekwa. Sitamwita Fundi. Sitatabasamu. Nitampa asali mkononi, nimwambie ilikuwepo siku zote, na kwa nini niliificha. Nilifika nyumbani, nikaivuta chupa kutoka chini ya kitanda, nikaitia mkobani, nikaenda bila hata kunawa uso.

Kambani zilikuwepo nguo tu. Fidla ilikuwa mezani, nyekundu ya kahawia, inang'aa hadi nikajiona ndani yake. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa mzee mmoja wa koti jeusi: mjomba wake Gervas, ameshuka kutoka Mgeta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu Mnyamwezi?"

"Ndiye," Gervas akasema. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Umeiziba," nikasema.

"Nimeiziba. Bibi harusi hawezi kuondoka bila fidla yake."

"Kwa asali gani?"

Hakunitazama. "Ya sokoni."

Mtu huyu aliwahi kuibandua gundi ya siku nzima kwa sababu ya unywele mmoja. Nilimwona akirudisha msasa dukani kwa kuwa umekwaruza kuliko alivyotaka. Sasa ameingia sokoni akanunua asali ya sukari ili amalize upesi, nami nishike fidla yangu niende nikaolewe. Uchungu ulionipata hapo sitausahau.

"Gervas," nikasema. Sikuwahi kumwita jina lake. "Siolewi. Nimemkataa yule bwana. Nimemkataa kwa ajili yako."

Rehema aliacha kufua. Nikasikia maji yanavyodondoka kwenye beseni. Kisha mjomba akapiga paja lake.

"Eheee! Wanyamwezi hawa! Mtu anakataa posa kwao, halafu anatuletea sisi makombo!" Akacheka hadi akakohoa, na Rehema akacheka kwa kumwona mzee anavyocheka.

Gervas alikuwa ananitazama, midomo imefunguka kidogo. Alitaka kuuliza, niliona swali likimfika mdomoni. Lakini mtu atamuulizaje mtani wake, mbele ya mjomba wake wa damu, kama anasema kweli? Ukija kuwa utani, ataficha wapi uso wake? Akacheka, kicheko kidogo kisicho na sauti.

"Huyu mtani wangu hana dogo," akamwambia mjomba.

"Sitanii," nikasema.

"Na ndivyo wanavyosema wote!" Mjomba akaanza upya, machozi yanamtoka. Nikaichukua fidla, nikamshukuru fundi, nikaondoka nayo kifuani, asali ikiwa bado mkobani. Mlangoni nilikawia kidogo kuvaa viatu, labda atatoka. Hakutoka.

Kabla mwaka haujaisha alifunga karakana akarudi Mgeta. Rehema ndiye aliyeniambia kwamba mjomba alikuja kwa ajili hiyo, kumpangia arudi nyumbani amwoe Rosa, binti wa katekista. Walifunga ndoa, wakapata watoto, wakalima kabichi na karoti. Mimi nilibaki Bigwa. Watu walikuja kuniposa, wazuri tu, nikawaambia bado, hadi wakaacha kuja. Fidla napiga mpaka leo. Kanisani wanaisifu, wanasema ina sauti ya malaika, nami nawaitikia, maana hawakuisikia ikiwa nyeupe. Masika ikifika hunata hapo kidevu kinapokaa, na ninapoinua kichwa ngozi yangu inachelewa kuachana nayo.

Mwaka jana, mvua zikiwa zimeanza, Rehema alinipigia. "Mtani wako ametutoka," alisema. Figo.

Nilipanda Mgeta na lori linalokwenda kubeba mboga, nimekaa kati ya matenga matupu. Nilikusudia kukaa nyuma na wanawake wengine, nilie kidogo kama rafiki, nishuke. Lakini mjomba mtu, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alinitambua.

"Mnyamwezi yupo! Jamani, mtani amefika!"

Mnajua kazi ya mtani msibani. Waliofiwa wamelia siku na siku hadi macho yamekauka. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha. Analizuia jeneza, anamwigiza marehemu, anadai vitu vyake. Wakanivuta mikono yote miwili hadi mbele ya mlango. "Haya, mtani, fanya kazi yako." Jeneza lilikuwa linatoka. Kwa macho tu nilijua halikuchongwa na yeye, kona zake zilikuwa zimeachana.

Nikatanua mikono.

"Simameni hapo! Mnampeleka wapi mume wangu?"

Kicheko kikalipuka, kile cha watu waliochoka kulia.

"Huyu ni wangu! Nilimwambia mbele za watu anioe, akacheka. Nikamwambia sitanii, akacheka. Haya, mwambieni aamke acheke sasa!"

Walipiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Niliendelea, nikamwita jina lake, nikamwambia nilivyomsubiri, nikamwambia hakuna mwingine, kisha nikaanguka kwenye matope ya mlangoni nimekumbatia ubao wa jeneza. Nililia kama sijawahi kulia. Juu yangu watu walikuwa wanacheka na kujifuta macho. "Huyu mtani anajua kulia," nilimsikia mmoja. "Utadhani kweli."

Rosa, mjane wake, ndiye aliyeniinua. Alinishika makwapa, akanifuta tope usoni kwa ncha ya khanga yake, na mabega yake yalikuwa bado yanatikisika kwa kicheko.

"Asante, dada," akaninong'oneza. "Tangu alipozidiwa sijacheka." Kisha akanigeuza kuelekea kwa bibi mmoja aliyekaa mkekani, mkono nyuma ya sikio. "Shangazi yake hasikii vizuri. Hebu lirudie lile la mume wangu, kwa sauti."

Nikalirudia.