Waliosoma Midomo ya Mheshimiwa

Mkalimani wa lugha ya alama katika baraza la madiwani alikuwa na mahali pake: stuli ndefu karibu na dirisha, hatua mbili tu kutoka safu ya mbele, ili mwanga umwangukie mikononi na viziwi waliokaa juu kwenye jukwaa la wageni wamwone vizuri. Ujuzi huo hakuupata darasani. Mdogo wake, fundi cherehani, ni kiziwi tangu utotoni, na nyumbani kwao mikono ndiyo iliyotumika kugombania kitanda cha dirishani na kuwasengenya wageni wakiwa hapo hapo sebuleni. Hata mama yao alijua kumsema mtu kwa mikono huku akimtabasamia.

Siku alipoajiriwa aliapa mbele ya katibu kwamba atafasiri kila kinachosemwa ukumbini, bila kutia chumvi wala kupunguza. Kuapa hakukumpa shida. Shida ilikuwa mkataba, ambao kila baada ya miezi sita ulipitiwa upya na kamati ya utumishi, na mwenyekiti wa kamati hiyo alikuwa diwani mmoja ambaye wenzake walimwita Spika. Hawakumwita hivyo kwa cheo. Ni kwamba mnong'ono wake ulikuwa na sauti ya mazungumzo ya watu wawili.

Asubuhi ya kikao cha maji, mhandisi wa halmashauri, mwanamke mwembamba wa miwani, alisimama na ramani yake kueleza kwa nini bomba la kata tatu linapasuka kila mwezi. Hakuzunguka mbuyu. Alisema mabomba yaliyofukiwa ni membamba kuliko yaliyoagizwa, na kila mtu alikumbuka ni Spika aliyeyasifia mwaka uliopita hadi jasho likamtoka. Spika akazima kipaza sauti chake, akamwinamia jirani yake, diwani mmoja mpole aliyejulikana kama Mzee wa Naafiki kwa kuwa hajawahi kupinga hoja yoyote, akamwambia:

"Huyu kazi hakupewa kwa hesabu. Kapewa kwa mapaja."

Safu nzima ilisikia. Mmoja akainamia simu yake. Mwingine akaanza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika. Mhandisi alikwama katikati ya takwimu, akaendelea kusoma kwa sauti iliyopungua kidogo.

Mikono ya mkalimani ilibaki hewani. Aliuwaza mkataba wake, uliobakiza wiki tano. Aliwaza pia kwamba hakuna ambaye angemlaumu akiruka sentensi moja. Kisha akamwona mdogo wake kule juu ameinua nyusi, akimuuliza kwa kidole kimoja: vipi, mbona umesimama? Akafasiri neno kwa neno, na mapaja yakiwemo.

Viziwi kumi na mmoja wakasimama kwa pamoja. Hawakupiga kelele, na ule ukimya ndio uliomfanya kila diwani ageuke. Mdogo mtu akanyoosha mkono kuomba nafasi. Mwenyekiti wa baraza, mzee mchangamfu aliyependa vikao viishe kabla ya chakula cha mchana, alidhani ni swali la maji, akamruhusu. Mkalimani, dada yake, akawa sauti yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, humu ndani wenye masikio wamejifanya viziwi. Sisi viziwi tumesikia. Tunaomba diwani arudie alichosema juu ya mhandisi, safari hii kipaza sauti kikiwa kimewashwa."

Spika aliruka kama aliyekalia siafu. Akakana katakata. Akasema mkalimani amejitungia, ametumwa kumpaka matope, na kwamba wataonana kwenye mkataba wake. Mzee wa Naafiki alipoulizwa, alidai sikio lake la kushoto lina mafua. Hapo katibu, ambaye si mtu wa maneno mengi, akakumbusha kwamba ndani ya miaka minne wanawake watatu walimshtaki diwani huyu kwa matusi ya namna hii: karani, mama wa chai, na diwani mwenzake. Mafaili yote matatu yalifungwa kwa sentensi moja, kwamba hakuna shahidi. Mhandisi akavua miwani, akasema na yeye amesikia, na malalamiko yake atayaandika leo hii.

Spika akacheka. Akauliza tangu lini kiziwi akawa shahidi wa maneno. Mdogo mtu akajibu kwamba walitazama midomo yake kabla ya kutazama mikono ya dada yake.

Mwenyekiti, ambaye njaa yake ilikuwa imemsahau kidogo, akaamua kufanya jaribio. Mkalimani ageukie ukutani. Kila kiziwi apewe karatasi, aandike peke yake alichoona diwani akisema. Halafu yeye mwenyekiti atakwenda mwisho wa ukumbi amwambie katibu jambo bila kutoa sauti, nalo waliandike.

Mkalimani alisimama akitazamana na picha za wenyeviti waliopita, wote wanaume na wote wamenuna. Alijua kusoma midomo si uganga. Neno baba na neno mama hufanana mdomoni kama pacha, na mdogo wake alishawahi kununua mbaazi alipotumwa pazia la dirisha, kwa sababu mjomba wao hafungui kinywa vizuri. Nyuma yake alisikia kalamu zikikwaruza, kisha viatu vya mwenyekiti vikienda na kurudi.

Katibu akasoma. Mwenyekiti alikuwa amesema: nina njaa, na kikao hiki kimenichosha. Wanane walipata. Wawili waliandika kwamba kikao kimemkosha. Mshona viatu mmoja mzee aliandika kwamba mwenyekiti ana ndoa nyingine. Ukumbi ukaangua kicheko, mwenyekiti akicheka kuliko wote, akisihi karatasi hiyo isifike kwa mkewe.

Kisha zikasomwa karatasi za kwanza. Mbili zilikuwa tupu. Tisa zilikuwa na neno lile lile.

Mwenyekiti akamruhusu mkalimani ageuke, akauliza, sasa kwa upole, wamewezaje kuwa na hakika namna hiyo.

"Kusoma midomo ni kubahatisha kwingi," mdogo mtu akajibu. "Lakini neno lile tumeliona midomoni mwa wanaume wengi mno. Hilo hatubahatishi."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Naafiki akainuka taratibu, akashika meza.

"Sikio langu ni zima," alisema. "Alisema hivyo hivyo."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumpinga mtu, na alikaa chini akitabasamu, kama aliyetoka kung'olewa jino bovu.

Baada ya wiki mbili kamati ya maadili ilitoa uamuzi. Spika alivuliwa uenyekiti wa utumishi, akasimamishwa vikao vitatu, na kutakiwa kuomba radhi mbele ya baraza. Siku ya radhi hiyo jukwaa lilijaa pomoni. Aliomba radhi mkono ukiwa kwenye sharubu. Mdogo mtu akanyoosha mkono kusema hawaoni mdomo. Akarudia akitazama meza. Mshona viatu akanyoosha mkono. Mara ya tatu Spika akainua uso, akamtazama mhandisi.

"Nilikutukana, na ulikuwa unasema kweli kuhusu mabomba. Niwie radhi."

Mhandisi alisema amesikia, na habari ya kusamehe ataifikiria mabomba yakishabadilishwa. Akaomba aendelee na taarifa yake kuanzia ukurasa alioachia.

Kamati ya utumishi, chini ya mwenyekiti mpya, ilimpa mkalimani mkataba wa miaka miwili, na yale mafaili matatu yakatolewa kabatini. Jioni hiyo mama wa chai alimkuta kwenye korido akivaa koti, akamuuliza kama wale kumi na mmoja watakuja siku ya shauri lake. Mkalimani alimhakikishia kwamba hata ukiwafukuza watakuja.

Mama wa chai akashusha sinia. Akasema basi katibu atafute mtu mwingine wa kuchemsha chai siku hiyo, maana yeye atakuwa amekaa.